Juisi ya friza siyo maji ya sukari (ila sukari imo)

Naanza na kisa maana ndo kilichonikalisha na kalkuleta usiku wa manane wakati watu wazima wamelala. Dada yangu mkubwa alikuja kututembelea, akafungua friza anatafuta barafu, akakutana na makopo matatu ya juisi nzito ya machungwa, ile iliyogandishwa ambayo unaichanganya na maji mwenyewe. Akageuka taratibu akaniangalia kama mtu aliyefumania. "Mdogo wangu, hii ndo unamnywesha mtoto?"

Nikasema ndiyo, siku nyingine. Hapo nikapewa somo la nusu saa, kwamba hiyo imeshakufa, imepikwa ikagandishwa, vitamini zote zimeondoka, kilichobaki ni sukari na rangi. Yeye anakamua machungwa kwa mkono, Jumapili jioni, jagi zima la lita mbili, linakaa kwenye friji linanywewa mpaka Ijumaa. Na dada yangu akishaongea kitu unakaa kimya, ndo tulivyolelewa, nikakaa kimya. Ila moyoni nikasema hii lazima niipigie hesabu, maana mimi hayo makopo nilikuwa nanunua kwa uvivu tu, sikuwahi kujua kama yana faida au namdanganya mtoto.

Kwanza tuelewe hicho kitu ni nini, kwasababu wengi tunadhani kuna maajabu ya kemikali humo ndani. Hakuna. Machungwa yanakamuliwa, juisi inatolewa maji mpaka inakuwa nzito kama uji wa sukari, inagandishwa, basi. Ya kwenye kopo la nyumbani kwa kawaida iko kwenye Brix 42 hivi, maana yake katika kila gramu 100 kama gramu 42 ni vitu vilivyoyeyuka, na sehemu kubwa ya hivyo ni sukari ya chungwa lenyewe. Unaongeza makopo matatu ya maji kwa kopo moja la juisi nzito inarudi kwenye Brix 11.8 au 12, ambayo ndo ile ya chungwa lililotoka kukamuliwa. Kwahiyo maji yaliyotolewa kiwandani ndo hayohayo unayarudisha jikoni kwako. Suala zima ni kwamba wakati maji yanatoka, nini kingine kilitoka nayo?

Hapa dada hakuwa anaongea upuuzi. Zamani ilikuwa kweli kabisa imekufa, na kuna stori moja inaitwa historia ila mimi naiona kama masikitiko. Mwaka 1747 daktari wa meli Mskoti kwenye jeshi la majini la Uingereza, James Lind, alikuwa kwenye meli ya Salisbury na mabaharia wanaumwa kiseyeye, fizi zinaoza, meno yanalegea, vidonda vya zamani vinafunguka upya. Akachukua wagonjwa 12 akawagawa wawiliwawili, kila jozi akaipa dawa yake, wengine siki, wengine maji ya bahari (ndiyo, maji ya bahari, we acha tu), na wawili wakapewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha ndani ya siku sita hivi lakini hao wawili walikuwa wameshainuka, mmoja karibu arudi kazini. Jibu lilikuwa limepatikana kabisa. Sasa tatizo likawa matunda hayakai melini miezi, yanaoza, kwahiyo Lind akapendekeza juisi ipashwe moto taratibu kwa saa nyingi kwenye chombo cha wazi mpaka iwe nzito kama sirapu, iwekwe kwenye chupa. Konsentreti (juisi iliyotolewa maji ikawa nzito) ya kwanza hiyo. Na ilikuwa karibu haina kazi! Kwasababu vitamini C maadui zake wakubwa ni joto na hewa, na yeye bila kujua aliipa vyote viwili kwa wakati mmoja, saa nzima baada ya saa nzima. Jeshi la majini la Uingereza lilikuja kuanza kugawa juisi ya limau kwa utaratibu mwaka 1795, karibu miaka 50 baadaye, na vitamini yenyewe ilikuja kujulikana ni kitu gani miaka ya 1930.

Kwahiyo ukimwambia mtu "juisi iliyopunguzwa maji haina vitamini" unaongea ukweli wa karne ya 18.

Kilichobadilisha mambo ni vita ya pili ya dunia. Kulikuwa na kampuni Boston iliyokuwa na ujuzi wa kukausha vitu bila kuvichemsha, wananyonya hewa yote ndani ya mtambo ili maji yaondoke kwenye joto dogo, na ujuzi huo ulitumika kwenye penisilini na plazma ya damu ya majeruhi. Jeshi la Marekani likataka unga wa juisi ya machungwa kwa askari, vita ikaisha kabla biashara haijanoga, ujuzi ukabaki unatafuta kazi ya kufanya. Wakati huohuo kule Florida watafiti watatu, Louis MacDowell, Edwin Moore na Cedric Atkins, walikuwa wanahangaika na shida nyingine, kwamba hata ukitoa maji kwa joto dogo ile harufu ya chungwa inaruka na mvuke, unabaki na kitu kitamu ambacho hakina uchungwa. Ujanja wao ulikuwa rahisi mpaka unacheka. Toa maji kupita kiasi, iwe nzito kuliko unavyotaka, halafu mwagia juisi mbichi kidogo ishuke mpaka pale ulipotaka. Juisi mbichi ndo inarudisha harufu. Hati miliki yao ilitoka 1948. Siku hizi mitambo inatumia joto kubwa zaidi ila juisi inapita humo dakika chache tu, hewa haipo, na ile harufu inakamatwa pembeni inarudishwa baadaye. Hiyo ndo tofauti na sufuria ya Lind, siyo kwamba moto haupo, ni kwamba haukai nao na hakuna oksijeni ya kumalizia kazi.

Na kugandisha kwenyewe? Jamani kugandisha hakuui vitamini. Sijui hii imani ilitoka wapi. Baridi inapunguza kasi ya kila kitu, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri juisi nzito inatunza sehemu kubwa sana ya vitamini C yake hata mwaka mzima. Juisi yenyewe ni chachu na uchachu unailinda pia. Kinachoharibu ni ile tabia ya kuitoa iyeyuke nusu, unabadili mawazo, unairudisha, kesho unaitoa tena.

Sasa hesabu niliyoipiga, na hapa naomba mnicheke kwa adabu.

Nilikuwa nimejiandaa kumshinda dada. Wazo langu lilikuwa hili, juisi yake ni bora Jumapili ila mpaka Ijumaa itakuwa imeisha nguvu, mimi nachanganya asubuhi ileile nanywesha, kwahiyo Ijumaa nampita. Nikachukua majedwali ya vyakula ya Marekani, glasi ya mililita 240 ya machungwa yaliyokamuliwa sasa hivi ina vitamini C kama miligramu 120 na kitu kidogo. Halafu kuna utafiti wa mwaka 2002 ambao walinunua juisi za dukani za kawaida wakazipima kwa wiki nne, ile ya kugandishwa siku ya kuchanganywa ilikuwa na miligramu 86 kwa kikombe, na baada ya wiki nne kwenye friji ikashuka mpaka kati ya 39 na 46. Zile za boksi zilizo tayari kunywa, siku ya kufunguliwa zilikuwa kati ya 27 na 65, na tarehe ya mwisho ilipofika zilikuwa kati ya 25 na SIFURI. Kasi ya kupotea baada ya kufungua ilikuwa kama asilimia 2 kwa siku.

Asilimia 2 kwa siku. Nikachukua 120 ya dada, nikaikata asilimia 2 kila siku kwa siku tano, nikapata kama 108. Nikarudia nikidhani nimekosea. 108. Yaani juisi yake ya Ijumaa bado inaipita yangu ya leo asubuhi! Nikazima simu nikaenda kulala nimenuna.

Asubuhi akili ilipotulia nikaona kitu kingine. Mtu mzima anahitaji kiasi gani? Shirika la Afya Duniani na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) wanasema miligramu 45 kwa siku, Wamarekani wanaweka juu zaidi, 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanaume, na anayevuta sigara anaongezewa 35. Kwahiyo glasi ya dada inakupitisha, na glasi yangu ya friza nayo inakufikisha au inakukaribisha sana, halafu mtu hanywi juisi tu, anakula na mboga na matunda mengine. Ushindi wa dada ni wa kweli ila ni kama kushinda mbio kwa mita mbili wakati wote mshavuka mstari. Na aliyechemka kabisa hayupo kati yetu wawili, ni yule mwenye boksi lililofunguliwa siku nyingi, liko mlangoni kwa friji, linafunguliwa linafungwa, limebakiza siku moja kufika tarehe ya mwisho, halafu limeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba halijatokana na konsentreti. Hilo neno linauza sana. Juisi ya aina hiyo nayo inaweza kuwa ilikaa miezi kwenye matenki makubwa ya baridi imetolewa hewa kabla haijaingia kwenye boksi, siyo kwamba jana ilikuwa mtini.

Vingine vilivyomo nitapita harakaharaka. Foleti (aina ya vitamini B) ipo ya kutosha na inavumilia vizuri kugandishwa, ni muhimu kwa mama mjamzito, japo haichukui nafasi ya vidonge alivyopewa kliniki. Potasiamu ipo kama miligramu 400 hivi kwa glasi, nzuri kwa wengi, ila mwenye shida ya figo aliyeambiwa apunguze potasiamu hii siyo rafiki yake, mbichi au ya friza yote sawa. Protini na mafuta sahau. Chuma karibu hakuna, lakini vitamini C inasaidia mwili kunyonya chuma kutoka kwenye maharage na mboga za majani ukinywa pamoja na chakula, na kwangu hii ndo sababu nzuri kuliko zote ya kuwa na juisi mezani, glasi ndogo na msosi, siyo jagi kati ya msosi na msosi.

Haya, sukari. Hapa ndo dada alinibana na sina pa kukimbilia.

Glasi moja ya mililita 240 ina sukari gramu 20 hivi, vijiko vitano vya chai, kalori mia na ushee. Hakuna aliyeiongeza, ni ya chungwa mwenyewe, lebo ikiandika haina sukari iliyoongezwa haidanganyi. Ila Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2015 sukari ya juisi na ya konsentreti wanaihesabu kundi moja na ile unayochota kwenye kopo la sukari, kwasababu imeshatoka kwenye nyumba yake. Wanasema isizidi asilimia 10 ya nguvu unazokula kwa siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mtu wa kalori 2000 hiyo 5 ni gramu 25. Kwahiyo glasi moja imekula karibu yote, bado hujagusa chai.

Na chungwa zima? Moja la ukubwa wa kawaida lina sukari gramu 12 hivi, nyuzinyuzi gramu 3, vitamini C miligramu 70. Nyuzinyuzi za kwenye glasi ya juisi hazifiki hata gramu moja. Alafu angalia mtu anavyokula chungwa, anamenya, anatema mbegu, anapumzika, akimaliza moja au mawili amechoka taya. Juisi hiyohiyo ya machungwa matatu inashuka kwa mikupuo mitano na mtoto anasema ongeza. Sasa hapa ndo nilipomrudishia dada, kwa heshima lakini nilimrudishia, kwamba jagi lake la kukamua nalo limetema nyuzinyuzi zilezile, makapi anatupa kwenye pipa la taka mbele ya macho yangu. Kwenye sukari sisi wote ni wa jela moja. Alicheka, akasema mimi tangu utoto sijui kushindwa.

Kuna kosa moja la watu wa friza ambalo mwenye kukamua hawezi kulifanya, nalo ni maji. Kopo linasema weka maji makopo matatu, mtu anaweka mawili "ili iwe na ladha". Shemeji yangu mmoja ndo zake, na nikimwambia ananiita afisa afya. Ukiweka mawili kila glasi inabeba sukari theluthi moja zaidi, zile kalori 110 zinakuwa kama 150, na uchachu nao unapanda, meno yanapata habari. Wengine wanaweka matatu halafu wanaonja wanaongeza na sukari juu, huyo sina la kumwambia. Mimi naweka manne. Mwanzo inaonekana kama umenyimwa, wiki ya pili ulimi umezoea.

Na soma kopo! Siyo kila kitu kilichogandishwa chenye picha ya limau ni juisi. Juisi ya asilimia 100 viungo vyake ni juisi tu, labda na kitu kimoja kama kalsiamu imeongezwa. Ile ya "kinywaji cha limau" mara nyingi sukari ndo inaongoza orodha na limau anafuata nyuma kama msindikizaji. Kwa kinywaji hicho maneno ya dada ya sukari na rangi ni kweli kabisa, tatizo makopo yanakaa rafu moja na yanafanana rangi. Limau na ndimu zenyewe safi zilizogandishwa bila sukari ni kitu kizuri, hakuna anayekunywa glasi nzima, unatia kijiko kwenye maji au kwenye chakula.

Balungi nalisema peke yake maana hili siyo la lishe, ni la usalama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti Kanada walikuwa wanachunguza dawa moja ya presha pamoja na pombe, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakashangaa dawa imejaa kwenye damu kuliko ilivyotakiwa. Kumbe balungi lina vitu vinavyozima enzaimu ya utumbo inayovunja dawa, kwahiyo kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi kama umemeza kadhaa. Kugandisha hakuondoi hiyo kitu, kuchanganya na maji hakuondoi, na kusubiri masaa machache kati ya juisi na kidonge hakutoshi kwasababu athari inaweza kupita siku nzima. Baadhi ya dawa za kolesteroli zimo, simvastatini kwa mfano, na baadhi za presha. Ukiwa unameza dawa kila siku muulize mfamasia kabla ya kununua kopo la balungi, ni swali la dakika moja.

Jinsi ninavyofanya sasa kwangu, kwa wanaouliza. Kopo linatoka friza usiku linalala kwenye friji, asubuhi limelainika, nachanganya kwa mwiko na maji ya baridi. Blenda nimeacha, inapiga hewa ndani mpaka povu, na hewa ndo ileile tuliyokuwa tunaikimbia tangu mwanzo wa hadithi. Nachanganya kidogo, ya siku mbili tatu, kwenye chupa yenye mfuniko inayojaa mpaka juu, siyo jagi la wazi linalonuka vitunguu vya jirani yake kwenye friji. Nzito iliyobaki inarudi kwenye friji, siyo friza, ikiwa bado baridi, imefunikwa. Mtoto ana miaka minne, madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2017 wanasema umri huo juisi isizidi mililita 120 mpaka 180 kwa siku, na chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwahiyo anapata kikombe kidogo na chakula cha mchana, baada ya hapo kiu ni maji. Hana chupa ya juisi ya kutembea nayo akifyonza siku nzima, hiyo ni kuyaogesha meno kwenye tindikali.

Dada aliporudi kwake alinitumia picha. Jagi lake la Jumapili, na pembeni sahani ya machungwa yamekatwa vipande, kaandika chini: "Haya ni ya mtoto akija. Jagi ni langu." Sijamjibu bado, maana nikijibu atauliza kama nimeyatoa yale makopo, na mawili bado yapo.